Robo Nne za Spika ya Malobika

Jumapili, 11 Februari

Spika ya mke wangu Malobika inakoroma. Mviringo wa sponji unaoshika karatasi yake ya mbele umebanduka. Jumatano ni sikukuu ya Saraswati, mungu wa kike wa muziki na elimu, na wanafunzi wa Malobika wataimba uani. Kasema tumwite fundi. Fundi wa nini, na mimi nipo? Nimeapa mbele ya watoto kwamba nikishindwa, sigusi tena kitu cha nyumba hii. Jirani Nirupam kachungulia ukutani: ana spika mpya, tusione haya kuiazima. Haya? Hatuitaki!

Jumatatu, 12 Februari

Dukani gundi tele! Muuzaji kaniambia nichukue nyeupe ya maseremala, niiache ikauke siku nzima, basi. Basi? Na hizi nyingine zinauzwa za nini? Nimenunua tatu. Ya nne nimepika mwenyewe kwa unga wa ngano. Kila robo ya mviringo nimeipaka gundi yake, nione mshindi. Usingizi hauji kwa hamu!

Jumanne, 13 Februari

Ya fundi viatu imeyeyusha sponji, imekuwa uji. Ya kushika papo hapo imekauka kama biskuti, na kidole changu kimenasa humo. Kwenye ya unga, sisimizi wamealikana. Nyeupe imeshika barabara! Ugunduzi mkubwa. Ila spika ni maiti kwa robo tatu.

Malobika kaniuliza, Baba Tuku, imepona? Nikasema imepona kabisa, tuiweke miguuni pa sanamu ya Saraswati ibarikiwe, pamoja na vitabu vya watoto na sitari, ile ala ya nyuzi ya marehemu baba yake. Vinavyowekwa pale haviguswi siku ya sikukuu, hata mtoto anajua. Machozi yakamlengalenga kwa furaha. Halafu akauliza: sasa wataimba kwa spika gani? Hilo sikulifikiria. Kajijibu mwenyewe: ya Nirupam.

Jumatano, 14 Februari

Wameimba. Sauti safi, lo! Nirupam kakaa mbele akipokea pongezi kama bwana harusi. Mimi nimegawa wali wa dengu.

Alhamisi, 15 Februari

Malobika kaiwasha spika yake. Ikakohoa, ikanyamaza. Kaigeuza, kaziona robo zote nne. Nilingoja matusi. Kasema polepole tu: mume wangu, ungeniambia kweli, ningemwita fundi juzi, na wanafunzi wangu wangeimba kwa spika yangu. Roho imeniuma, sifichi.

Kesho fundi anakuja. Nimeapa upya: sigusi tena kitu cha nyumba hii.

Jioni nimepita kwa wafinyanzi wa sanamu. Wao hutumia gundi ya kokwa za ukwaju. Hakuna aliyeijaribu kwenye spika! Ya Nirupam bado iko kwetu, ataichukua asubuhi. Nimeikagua. Mviringo umelegea. Kidogo sana, ukiusukuma kwa kidole.

Kokwa zinachemka.