Mahari Nzuri Naguru

Erinayo wa Bwaise alikuwa na mali moja ya kuonekana: pikipiki nyekundu, aliyoipata kwa njia ambayo tukiizungumzia hapa tutamharibia jina. Aliipenda kuliko ndugu zake, nao ndugu hawakulalamika, maana walimjua.

Asubuhi hiyo alikuwa akiifuta matope, simu mkono wa pili, akaona kwenye tovuti ya habari tangazo la dawa ya kuotesha nywele kwenye upara. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kama hili limepita, langu litazuiwa na nani?"

Akaiwasha pikipiki mpaka Kisugu, kwa Vera, mama Mkenya mwenye tovuti ile. Akamweleza kuwa ana sehemu ya kuuza kule Naguru, nyuma ya nyumba za polisi.

"Una hati, ssebo? Siku hizi nafikiria kukagua matangazo."

"Nyabo, ukuta wa duka unasoma karatasi uliyobandikwa?"

"Hausomi."

"Basi tovuti ni ukuta. Ukianza kuuliza-uliza, utafunga duka."

"Na wasomaji wangu wakiibiwa?"

"Kila mtu ana macho yake."

Vera akakitazama chumba cha ndani. Humo alikuwa mumewe Okinyi, ambaye tangu apake dawa ile ya upara hakuivua kofia hata mezani.

"Haya," akasema. "Sitagusa hata herufi. Sema, niandike."

Sasa, kwao Bwaise Erinayo hutamka l yake bila taabu. Lakini mbele ya Mkenya alitaka Kiswahili kinukie shule, na hapo r zilimtoka kama mchwa baada ya mvua.

"Andika: Natoa mahari nzuri Naguru. Anayetaka aje Jumamosi na wazee wake, amuone mwenye pikipiki nyekundu."

Vidole vya Vera vikasimama. "Mahari?"

"Mahari, nyabo. Mahari nzuri sana!"

"Kama unavyosema."

Jumamosi Erinayo alisimama Naguru, nywele zinang'aa mafuta, akisubiri matajiri wenye haraka. Akaja sajini mstaafu Ochan na kofia yake ya sherehe. Nyuma yake dada yake Adyero akipiga vigelegele, na Abwola, binti wa sajini, akitafuna muwa.

"Ndiye huyu?" Adyero akauliza. "Mwembamba, lakini atalishwa."

"Karibuni, afande," Erinayo akasema, akionyesha majani. "Mahari yenyewe ndiyo hii."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani?"

Abwola akamsogezea simu. Erinayo akalisoma tangazo lake polepole, na kwa mara ya kwanza maishani akaiona r.

"Mwanangu," Ochan akasema kwa upole uliotisha, "nyumba ile pale niliishi mimi, na polisi wenzangu bado wamo. Sema nisikie vizuri. Ulikuwa unatoa mahari, au ulikuwa unauza ardhi ya polisi?"

"Mahari, afande!" Safari hii r ilitoka safi, inayostahili zawadi.

"Vizuri. Ng'ombe watafuata. Leo acha alama ya nia yako."

Adyero alikwisha kaa nyuma ya pikipiki. Abwola akanyoosha mkono, ufunguo ukaingia kiganjani.

"Usijipambe bado," akamwambia. "Kuolewa sijakubali. Nimekubali pikipiki."

Wakateremka kilima kwa vigelegele.

Erinayo alifika Kisugu kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nyabo, wewe ni mtu gani? Tangazo kama lile unaliachaje lipite bila kulikagua? Mwenye tovuti lazima achunguze! Watu wanaumia!"

"Ukuta hausomi, ssebo."

Ndani, Okinyi alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Lakini umenigusa," Vera akaendelea. "Kuanzia leo nakagua. Hili limeingia sasa hivi, nisaidie." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Ilikuwa picha ya pikipiki nyekundu: inauzwa, muulize Abwola. "Mtu akiniambia ni yake na imechukuliwa kwa hila, naliondoa. Ila aniletee hati, aniambie na yeye aliipataje. Unaijua?"

Erinayo akaitazama pikipiki yake.

"Siijui," akasema.

"Basi limekaguliwa," Vera akasema, akabonyeza.