Filamu Niliyoipinga Kabla ya Kuiona

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeshtuka! Orodha ya filamu za mwezi imebandikwa mlangoni mwa klabu yetu ya sinema hapa mjini Beja, na ya Jumamosi inaitwa Abaki Mmoja. Watoto ishirini wa zama zijazo wanafungiwa ndani ya uwanja wa kioo wauane mpaka abaki mmoja, na mji mzima umekaa majukwaani kuwatazama. Chini ya bango: kuanzia miaka kumi na miwili. Kumi na miwili! Mimi katika umri huo nilikuwa namwogopa jogoo wa shangazi.

Aliyeileta ni Lella Radhia, yaani Bi Radhia, mfamasia. Huyo huyo ndiye mpinzani wangu katika uchaguzi wa mwenyekiti wa klabu Jumapili. Miaka kumi na moja nimekuwa makamu. Miaka kumi na moja ya kupanga viti! Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imepoa, nikala kusuksu sahani mbili. Hii ni bahati. Mzazi aliyeshtuka ni kura.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeandika waraka wa kupinga. Maneno mazito: damu, maadili, kizazi. Nikasimama nao langoni mwa shule, ambako mimi ndiye msimamizi wa nidhamu na watu wananiheshimu. Saini thelathini na moja! Mwokaji mikate alisaini akidhani ni habari ya maji kukatika. Mama mmoja alisoma mpaka mwisho, akashika kifua, kisha akauliza inaanza saa ngapi na kama nafasi bado zipo. Wanne wengine wakauliza vilevile. Nimewajibu, kwa adabu.

Mke wangu Saloua kaniuliza kama nimeiona hiyo filamu. Nikamwambia kukataa sumu hakuhitaji kuionja. Akasema mfamasia angalau husoma karatasi iliyo ndani ya boksi. Sijui yuko upande gani.

Jumatano, 6 Novemba

Kikao cha kamati. Nimesoma waraka kwa sauti yangu ya gwaride la asubuhi. Lella Radhia akasema amesikia, akafungua kanuni za klabu, ibara ya tisa: mwanachama anayepinga filamu atakaa safu ya mbele, ataitazama hadi mwisho, kisha ataongoza mjadala wa watazamaji. Nikauliza ni mpumbavu gani aliandika upuuzi huo. Akanigeuzia ukurasa. Saini yangu! Niliitunga mwenyewe miaka ile ili kumkomoa daktari wa meno.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Na mimi damu siiwezi. Siku ya chanjo shuleni walinipepea kwa daftari la mahudhurio, na sindano haikuwa yangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango mpya: miwani myeusi, macho nitayafumba, na habari yote nitaipata kwa mtu aliyeiona. Nani aliyeiona? Binti yangu! Shiraz, miaka kumi na mitano, ameiona mara mbili, kwenye simu, chini ya paa langu! Nilikaa chini. Saloua akaniletea maji. Kumbe na yeye ameiona.

Nilipopata nguvu nikachukua kalamu. Shiraz akaanza kunieleza kwamba damu yenyewe si nyingi, kinachouma ni wale watu wazima majukwaani. Nikamwambia aache falsafa, anipe vifo kwa mpangilio. Nimevikariri vyote kwa namba za watoto. Namba Kumi na Mbili, maji ya mto. Namba Tatu, mbwa. Namba Saba, msichana anayechechemea, Shiraz kakataa kunitajia mwisho wake. Eti nitazame mwenyewe.

Jumamosi, 9 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulifurika saa tisa alasiri. Wote thelathini na moja walikuja, na watoto wao, na mifuko ya mbegu za alizeti. Nikavaa miwani, nikafumba macho. Dakika ishirini, safi kabisa. Lakini sauti! Msichana anahema, kioo kinapasuka. Nikafumbua jicho moja, kuhakiki tu mpangilio. Saba alikuwa hai. Yule mvulana mwongo aliyemwibia maji alikuwa nyuma yake na shoka. Nikafumbua la pili.

Yanayofuata nimeyasikia kwa watu, na wote wanasema jambo moja. Nilipanda juu ya kiti. Nilivua koti nikalizungusha hewani. Nilimpigia Saba kelele, "Mmalize! Mmalize huyo mshenzi!" Na hapo hapo kwenye skrini akatokea mzee mmoja jukwaani, heshima zake zote, amesimama juu ya kiti, anamhimiza mtoto aue. Nimeambiwa tulifanana hata kipara.

Hakuna mbegu iliyobanjwa tena. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama mimi.

"Baba, kaa chini," alisema Shiraz. Polepole sana.

Kisha taa zikawaka na mjadala ulikuwa wangu. Nikauliza watazamaji wameshtushwa na nini. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Rihab, mtoto wa darasa la saba ninayemtoa nje kila wiki kwa kucheka. Safari hii hakucheka.

"Filamu najua ni maigizo, Bwana Monji. Mimi niliogopa ulipopanda kwenye kiti."

Lella Radhia akanirushia kamba ya kuniokoa. Alisema hata yeye alisimama alipoiona mara ya kwanza, na kwamba filamu imetengenezwa ili itukamate hivyo. Nilichotakiwa ni kusema, ndiyo, na mimi imenikamata. Shiraz alikuwa ananiangalia. Nikasema lilikuwa onyesho la makusudi, la kielimu, nililolipanga tangu Jumatatu. Mtu alicheka nyuma, halafu wote.

Jumapili, 10 Novemba

Uchaguzi, kwa kunyoosha mikono. Nimepata mikono mitatu: wangu, wa mwokaji mikate, na wa daktari wa meno aliyekuwa anajinyoosha. Saloua alikuwa anatafuta kitu mkobani. Shiraz alitazama viatu vyake mpaka hesabu ikaisha.

Iliniuma. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Nyumbani nikamuuliza kwa nini. Akasema kusimama kwenye kiti angenisamehe, hata yeye mara ya kwanza alipiga kelele. Asichoweza ni ule uongo. Sikulala usingizi wangu wa mchana wa Jumapili.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeelewa kosa lilikuwa wapi! Viti. Vile viti vya kukunja vinamrusha mtu juu, mtu mzima hana hiari. Nimemwandikia mwenyekiti mpya, Lella Radhia, kurasa tatu juu ya viti.

Na kuna la kutisha zaidi. Sehemu ya pili inakuja Januari, na wanasema ni katili mara mbili! Lazima ipingwe, tena mapema, na mtu anayeifahamu. Nimeshaandika waraka, nimeshakata na tiketi. Ni lazima nijue kama safari hii pia Saba anatoka salama, kwa ajili ya wazazi.

Nimemwomba Shiraz akae karibu yangu siku hiyo. Amekataa, akafunga mlango wa chumba chake. Mtoto aliyekuwa mpole vile! Ni hizi filamu.