Ombi la Kuachiwa Ebeneza, Chatu Wangu wa Mnadani

Ndugu Afisa Wanyamapori,

Kamwene. Barua yako ya kuniamuru nimkabidhi chatu wangu ifikapo Jumatatu, kwa kosa la kumfuga bila kibali, nimeipata, na imenikera kweli. Mimi Eveline, mjane wa Mjimwema, napinga kama ifuatavyo:

1. Ebeneza sikumkamata porini. Nilimnunua mnadani, usharikani kwetu, sikukuu ya mavuno miaka minne iliyopita. Kiroba kilikuwa kimefungwa, mnadishaji akasema ni jogoo, nami nikapandisha dau hadi wenzangu wakanyamaza. Kufungua nyumbani, mh! Lakini sadaka hairudishwi. Ningemrudishia nani, Mungu?

2. Mnasema ni hatari. Kwa nani? Panya walikuwa wananimalizia mbegu za viazi. Leo hayupo hata mmoja. Cha jirani hajawahi kugusa. Mbwa wa mjumbe ameshauma watu watatu, wala haulizwi kibali.

3. Fomu yenu ya kibali inataka uzito wake, na mzani mmenielekeza Makambako. Sasa nimpandishe basi? Nikate tiketi ngapi?

4. Inataka pia banda la zege. Ndugu yangu, Julai hii ya Njombe, kwenye zege? Mimi mwenyewe nalala na mablanketi matatu, na moja nimempa yeye. Tangu mzee wangu afariki, hakuna mwingine anayekaa nami jikoni nikasimulia mambo yangu hadi mwisho bila kunikatiza. Mkimchukua nitaumia, nasema wazi.

5. Kama kibali ni kwa kila anayemeza bila kutafuna, anzeni na kamati yetu ya maji.

Kwa hiyo naomba aachwe. Siachani naye hata mje na mgambo wote.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na mama watoto.

Mimi katika kutunza mali ya Bwana,
Eveline

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, jirani yangu Mama Nelly amekuja kuulizia kuku wake sita na mwanambuzi. Nimemtazama Ebeneza: ametuna, hata kujigeuza hawezi. Nimeona aibu jamani! Basi nimemtia kwenye gunia la viazi na kulishona mdomo. Ndiyo sadaka yangu ya mavuno Jumapili hii. Imebidi liwe lumbesa, limezidi kipimo halali, unisamehe na hilo. Nasikia mgeni rasmi ni wewe, na kwetu mgeni rasmi ndiye anayenunua gunia la kwanza. Uje na ile fomu. Na kama nilivyotangulia kusema, sadaka hairudishwi.