Kompyuta ya Ndani ya Vasemaca

Inoke alikuwa akinywa chai ya dezo dukani kwa Vasemaca, katikati ya Suva, mji wa visiwani, alipomsikia mama huyo akigombana na kompyuta yake. Virusi tena! Na humo ndimo ilimokuwa michoro yote ya mashati ya maua ya tamasha la Agosti, tegemeo lake la mwaka mzima. Duka la jirani lingetoa chochote kuipata. Inoke akaweka kikombe chini. Riziki ikikufuata, jamani, kuikimbia ni utovu wa adabu.

"Dada, kwenu wapi?"

Vasemaca akataja kisiwa chake.

"Kumbe nyie! Sisi wa ng'ambo yenu, watani zenu! Walamihogo nyie, kompyuta mtaijulia wapi?"

Wateja wawili, mapande ya watu wa raga, wakaangua kicheko. Inoke alizaliwa mtaa wa nyuma tu, na kisiwa hicho cha ng'ambo hajawahi kukiona hata kwenye kalenda.

"Nakuwekea kompyuta ndani ya kompyuta," akasema. "Michoro ikae ndani, virusi vibaki mlangoni."

Akaiweka kweli. Ila hakusema kwamba mwenye kuishika ya nje ameishika na ya ndani; kwamba hiyo ya ndani, nzima nzima, ni faili moja tu, na faili lisilofungwa hubebwa kama andazi. Akalinakili kwenye laptopu yake, akalifungua kuhakikisha, huku akipiga mluzi.

"Haya mtani, kwaheri."

"Kwaheri ya nini? Laptopu nzuri hiyo. Naichukua."

Inoke akacheka. Vasemaca alikuwa ameshaikamata.

"Dada, hiyo ya kazi..."

"Ala! Mtani ananyimwa? Tangu lini?"

Wale wa raga wakasimama kutazama. Mtani akichukua chako, unacheka; ndiyo sheria ya visiwa. Ukikataa, wewe si mtani. Na kama si mtani, wewe nani, na ulikuwa unafanya nini kwenye kompyuta ya watu?

"Chukua," akasema Inoke, meno yote nje, roho ikimuuma vibaya.

"Na neno la siri?"

Akalitaja kwa sauti ya mgonjwa. Kioo kikawaka, na mashati yote ya Agosti yakatokea pale, maua kwa maua. Vasemaca akakitazama kioo, akamtazama Inoke usoni, kisha miguuni.

"Mtani," akasema taratibu, "hebu vua na viatu."