Saluti ya Kwanza ya Delaney

Jumatano, 24 Aprili 2024
Mjukuu wangu Delaney kakubaliwa vyuo viwili vya maafisa! West Point ya Jeshi la Nchi Kavu na Annapolis ya Wanamaji. Akili kazitoa kwangu, ingawa mimi shule niliiacha mapema. Mwisho wa kujibu ni tarehe mosi Mei. Nilikuwa baharia wa jeshi, kwa hiyo mjadala hakuna.

Ila shemeji Virgil, kaka wa marehemu mke wangu, alikuwa sajenti wa nchi kavu. Sasa anakuja hapa kila asubuhi na donati. Najua anachotaka! Afisa mpya akishaapishwa, askari wa kwanza kumpigia saluti hupewa naye sarafu ya dola ya fedha mkononi. Mtoto akienda West Point, dola ni ya Virgil. Picha ni ya Virgil. Mimi nitabaki nimeshikishwa pochi za akina mama. Haiwezekani.

Ijumaa, 26 Aprili
Virgil kamtembeza mtoto maili sita na begi mgongoni. Mtoto karudi anacheka. Hatari! Nikamsimulia nilivyopiga mizinga baharini. Virgil akadakia na donati mdomoni: "Mizinga? Si ulikuwa unamenya viazi, shemeji?" Nikamwuliza wapiga mizinga walikula nini, mawe? Binti yangu Jolene akasema baba, mwache mtoto achague mwenyewe. Nani kamzuia? Achague Annapolis.

Jumapili, 28 Aprili
Mpango kabambe. Nimeazima mashua, nikampeleka ziwani aipende bahari. Hapa Nebraska bahari hakuna, lakini maji ni maji. Upepo kidogo tu. Nikatapika mara tatu. Kosa la mayai ya asubuhi. Delaney akapiga makasia peke yake mpaka ufukweni, akaniuliza miaka minne melini niliishije. Kishujaa, nikamwambia. Virgil alikuwa ufukweni na kiti chake cha kukunja. Akatupigia makofi.

Jumatatu, 29 Aprili
Nimepiga simu West Point. Nikabana sauti, nikasema mimi ni Delaney, nafasi yenu siitaki, asanteni. Mama wa upande wa pili, mpole sana, akaomba tarehe ya kuzaliwa. Nikataja yangu. Mwaka 1946! Kisha akasema umri nimeuvuka kidogo, na kwamba anayejibu ni mwanafunzi mwenyewe, kwenye mtandao.

Halafu akampigia Delaney kumwuliza kama nyumbani kuna usalama.

Jumanne, 30 Aprili
Delaney hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema taratibu: "Babu, kule vyuoni ukidanganya unafukuzwa. Wangeweza kudhani nimekutuma mimi. Ningekosa vyote viwili."

Hilo sikuliwaza. Sikula cha jioni. Pai tu, vipande viwili.

Jumatano, 1 Mei
Amejibu. West Point! Virgil kalia kama ndama.

Baadaye Delaney akaniita kibarazani. Akasema dola ile haiangalii sare. Yeyote aliyetumikia jeshi bila kuwa afisa anaweza kupiga saluti, hata mmenya viazi. Na aliyemchagua kwa saluti hiyo ni mimi, tangu siku barua za vyuo zilipofika. Virgil anajua, hata hana kinyongo. Donati zilikuwa donati tu!

Ila kanipa sharti: miaka minne ya chuo bila njama hata moja, la sivyo dola inakwenda kwa Virgil. Nikaapa, mkono juu. Sikulia. Ni vumbi la Nebraska.

Alhamisi, 2 Mei
Nimeamka mtu mpya. Njama basi. Nimewaza tu, kwa utulivu: siku ya Delaney kuapishwa, mwaka 2028, Virgil atakuwepo, na sajenti mkono wake ni mwepesi. Unaweza kupiga saluti wenyewe kabla ya wangu. Naye simu ya kuonyesha njia haiamini, anaamini karatasi. Kwa hiyo nimekaa mezani asubuhi nzima nikamchorea ramani ya kwenda West Point. Kwa wema kabisa. Ina mito, ina vituo vya mafuta.

Inampeleka Kanada.