Mikono ya Kumbebea Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amekuja tena. Ni mdogo wake mke wangu, muuza nyama, mabega kama mlango wa ghala. Amembeba dada yake mpaka juu ya paa akaone nyanya zake alizopanda kwenye makopo. Amembeba kama anavyobeba paja la ng'ombe. Mke wangu alicheka njia nzima. Tangu avunjike nyonga, hajacheka hivyo mbele yangu.

Shemeji alipoondoka, nilijaribu mwenyewe. Nilimkumbatia kitini, nikavuta pumzi, nikanyanyua. Kiti kilikuja naye, kwa kuwa alikuwa amekishikilia kwa hofu. Mgongo ukalia. Nikawarudisha chini, yeye na kiti. Akasema chai inapoa.

Miaka yote mikono hii ilibeba chaki tu. Aibu! Mfamasia wa mtaa wa pili anasema kupiga kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa michezo, hujenga mabega, kifua na mgongo, haiumizi magoti, na tena ni raha. Raha sikuiomba. Kesho naenda ziwani. Mke wangu nimemwambia nina kikao cha walimu wastaafu.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu wa kayaki ni binti ambaye nilimfundisha mama yake kusoma. Aliniita babu. Nimemsamehe. Alinivalisha jaketi la manjano la kuokolea maisha, akaniketisha ndani ya chombo chembamba kama ganda la njegere, akanipa kafi lenye bapa huku na huku. Akaeleza kwamba nguvu hutoka kiunoni na mgongoni: miguu ikaze, kiwiliwili kizunguke, mikono ifuate tu.

Nikamjulisha kwamba nimefuata mikono, si kiuno. Nikavuta kwa mikono. Kayaki ikazunguka. Nikavuta zaidi. Ikazunguka zaidi. Binti akasema, kwa adabu, kwamba ziwa lina sehemu nyingine pia.

Lakini (na hili liishie hapa) ilifika dakika kayaki ikateleza moja kwa moja, maji yakinong'ona chini yangu, na ndege mweupe akanitazama kama mwenzake. Nilijikuta napiga mluzi. Sijapiga mluzi tangu nioe.

Jioni sikuweza kuinua kijiko. Mke wangu aliuliza kikao kimeamua nini. Nikasema ajenda zilikuwa nzito. Akanifungulia vifungo vya shati, kimoja kimoja, asiulize la pili.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi jikoni. Nimekaa kwenye benchi na mpini wa ufagio. Kulia, kushoto, kulia. Jagi la maji halipo tena duniani. Mke wangu aliita kutoka sebuleni kuuliza kulikoni. Nikasema natoa utando wa buibui. Akasema vyema, ila upande wa kushoto unasikika mvivu.

Jumamosi shemeji atakuja tena kumpandisha dada yake. Lazima asiwepo. Nimemwambia kwamba kilabu cha kayaki kina karamu Jumamosi asubuhi, kinahitaji nyama, na apeleke mwenyewe. Amefurahi sana, akaniita shemeji wa kweli. Mimi nitapiga kafi asubuhi ili misuli ipate moto, nirudi nyumbani, nimbebe mke wangu. Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 8 Machi

Ulikuwa na tundu.

Nilikuwa katikati ya maji, kayaki imenyooka kama mstari wa rula, nilipomwona shemeji gatini. Aproni kiunoni, kapu la nyama begani, anamuuliza binti karamu iko wapi. Nilimtuma adui yangu mahali pale pale nilipojificha! Nikaingia kwenye matete. Jaketi la manjano halifichiki kwenye matete. Akauliza kwa sauti yake ya buchani nafanya nini humo, au ni mimi ndiye karamu. Nikageuza ghafla, kwa mikono. Kayaki ikanimwaga.

Maji yalinifika kifuani tu. Sikuhitaji msaada, na nilimwambia hivyo mara kadhaa nikiwa tayari begani mwake. Alinibeba mpaka kwenye gari lake la nyama, na kutoka garini mpaka sebuleni, kwa sababu kiatu kimoja kilibaki ziwani.

Mke wangu alicheka hadi akashika nyonga. Kisha akauliza. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia juu ya zulia, nikichuruzika maji. Nikasema nilitaka kumbeba mimi. Si huyu. Mimi. Shemeji akawa na shughuli kubwa ndani ya kapu lake.

Mke wangu alijifuta machozi ya kicheko.

"Mume wangu, nimechoka kubebwa," alisema. "Huyu akinibeba nacheka, maana nisipocheka nitalia. Nataka kupanda kwa miguu yangu. Wewe kaa nyuma yangu, nikiyumba unishike."

Ni kweli mtaalamu wa viungo anayemtibu nyonga alikwisha kusema apande ngazi mwenyewe. Nilidhani anajipunguzia kazi.

Jumapili, 9 Machi

Amepanda.

Mguu mzima kwanza, kisha ule mgonjwa na gongo lake. Mimi ngazi moja chini, mikono wazi kama mlinda lango. Aliniambia nisimpumulie shingoni. Katikati ya ngazi aliyumba. Kiuno changu kilizunguka chenyewe, miguu ikakaza, mkono ukafika kabla sijautuma. Nikamshika. Binti wa kayaki angesema ni kiuno. Ni mkono.

Hakuuachia upesi. Aliubonyeza kama mtu anayechagua parachichi, akasema umekuwa mgumu kidogo. Kidogo!

Juu alikuta mche wa nyanya umekufa kwa kiu, akanikaripia ipasavyo. Nilifurahia kila neno. Upepo wa kule una vumbi sana. Ilinibidi nifute macho. Shemeji alileta nyama isiyo na karamu. Tuliimaliza.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu anataka kupanda kayaki nyonga ikipona. Mtaalamu wa viungo ameafiki. Anasema itayafaa mabega yaliyochoshwa na magongo. Binti anasema ipo kayaki ya watu wawili, kila mtu na kafi lake. Basi shemeji ameazima kafi moja na kulileta leo, ili dada yake afanye mazoezi kitini. Alilipokea kama anayepokea mtoto mchanga.

Si jambo jema. Atajichosha. Nimetafakari na nimeamua: atakaa mbele, mikono mapajani, atazame ndege. Nitapiga kafi mimi, kwa niaba ya wote wawili. Mikono ninayo. Aliposinzia mchana, nililichukua kafi lake nikalificha nyuma ya pipa la maji.

Sasa hivi anauliza kutoka sebuleni ni nini kimeanguka nyuma ya pipa. Nimejibu ni paka.

Hatuna paka. Nasikia gongo lake linakuja.