Gauni la Usiku wa Zohali

Jumatatu, 15 Septemba

Nimedhulumiwa! Kikao cha chama chetu cha watazama nyota kimeisha sasa hivi. Jumamosi tunawakaribisha watu wote uwanja wa shule, waje kuiona sayari ya Zohali na pete zake. Darubini moja. Mtu mmoja wa kuisimamia. Nani? Wifi yangu! Dada wa mume wangu, fundi miwani, mwanamke anayetaja nyota kama anayetaja watoto wa jirani. Na mimi? Mwenyekiti alinitazama kwa huruma akasema nitawaelekeza watu choo kilipo.

Choo! Mimi, mwanachama tangu siku ya pili!

Huyu mwenyekiti ni dereva wa treni mstaafu. Tunamwita Bwana Mawingu, maana kila akitangaza usiku wa nyota, anga linaziba. Safari hii anaomba mbingu zimstahi. Mwalimu mkuu atakuwepo. Akifurahi, uwanja ni wetu moja kwa moja. Asipofurahi, tunarudi nyuma ya karakana ya magari, ambako nyota pekee inayoonekana vizuri ni taa ya mlinzi.

Jambo zito hivi huwezi kumwachia wifi. Anajua mengi mno. Atawachosha watu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimetafakari nikishona kola. Nyota zote za nini? Mimi nahitaji Zohali tu. Nikamwomba Bwana Mawingu anionyeshe, eti anayeelekeza watu choo naye apate la kujibu akiulizwa. Saa tatu usiku akanyoosha kidole. Ile pale, juu ya tangi la maji la shule.

Rahisi hivyo! Watu wanasoma miaka na miaka. Tangi, juu yake Zohali. Nimehitimu. Mzee akaanza kunieleza kwamba anga huzunguka, na ukibadili saa sijui nini nacho kinabadilika. Nikamshukuru nikaenda zangu kulala.

Jumatano, 17 Septemba

Bahati imeingia dukani kwa miguu yake! Wifi kaja na kitambaa cheusi chenye vidoa vya fedha. Anataka gauni la Jumamosi. Akanishika mkono, wifi yangu we, nani mwingine ataniweza kama si wewe? Nikamwambia aniachie, hakuna haja ya kujaribisha, vipimo vyake ninavyo kichwani.

Alipotoka nilikaa nikaitazama cherehani. Cherehani ikanitazama.

Mtu wa darubini lazima ainame. Mtu aliyebanwa kiunoni hawezi kuinama.

Ee Mola, akili hizi nilizipata wapi?

Ijumaa, 19 Septemba

Gauni tayari. Zuri la kuliza! Juu limetulia, chini linabana kama soksi. Mume wangu, fundi baiskeli, mtu asiyejua pindo wala upindo, kaliinua akauliza kama ni la dada yake au ni la kufunikia mwavuli. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Akatikisa kichwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, akasema. Nikamjibu hapa hakuna anayechimba kisima, tuna maji ya bomba.

Wifi amelichukua bila kulivaa. Ameniachia na maandazi. Nimeyala yote. Dhamiri haina uhusiano na maandazi.

Jumapili, 21 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi kwa sababu ya mgongo. Nianze na jana jioni.

Anga jeupe! Hata wingu la dawa hakuna. Bwana Mawingu anazunguka uwanjani kama bwana harusi. Watu wakaja, wakaja tena, mpaka uzio ukaegemewa. Mwalimu mkuu kakaa mbele, uso wa kukagua madaftari.

Wifi akaingia. Jamani! Vidoa vinameta, na yeye anatembea hatua ndogondogo kama njiwa. Watu wakapisha. Akafika kwenye darubini, akajaribu kuinama. Hakuna kitu. Akajaribu kwa ubavu. Wapi! Nilimtazama kwa mshangao mkubwa niliokuwa nimeufanyia mazoezi tangu alfajiri. Akanigeukia wala hakukunja uso. Wifi, akaniambia, shika darubini wewe, mimi nitazungumza na watu.

Nimeshinda! Nikainama.

Sikuinuka tena. Nyuma yangu wifi amesimama wima kama mlingoti, anaeleza kwamba Zohali ingepata beseni kubwa la kuitosha ingeelea kama mpira. Watu wanacheka, wanapiga makofi, wanauliza maswali, wanacheka tena. Mimi nilichokiona ni viatu tu. Najua sasa nani kijijini kwetu hapigi viatu rangi.

Halafu Zohali yenyewe haipo. Ilikuwa saa moja na nusu. Tangi lipo, juu yake patupu! Nikasogeza kushoto. Patupu. Nikashusha kidogo, na hapo, ndani ya kioo, kikatokea kitu chekundu, cha mviringo, kizuri ajabu. Si Zohali. Lakini mtu mzima haachi foleni isubiri. Nikatangaza kwa sauti kwamba tunaanza na Mirihi.

Watu wakapanga mstari. Wakaiona Mirihi, wakasema lo. Mama muuza mboga akauliza mbona inazima na kuwaka. Nikamwambia kule kuna upepo. Akaridhika. Akamweleza aliye nyuma yake, naye akamweleza wa nyuma yake, mpaka mkiani wakawa wanaongelea kimbunga.

Zamu ya mwalimu mkuu. Akaangalia muda mrefu. Akainua kichwa, akasafisha miwani, akaangalia tena. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, mbona Mirihi ina ngazi.



Ilikuwa taa nyekundu ya mnara wa simu. Ule wa ng'ambo ya barabara, nyuma ya tangi.

Nilitamani ardhi inimeze na darubini yake. Bwana Mawingu akaziba macho. Nikaiona karakana, nikaiona taa ya mlinzi. Ndipo wifi akaja mbio, mbio za njiwa, na kwa haraka ya kuokoa jahazi akasahau amevaa nini. Akainama.

Rrraaaa!

Kuanzia kiunoni hadi gotini. Nadhani hata Zohali ilisikia.

Mikono yangu ilifanya kazi kabla yangu. Nikalivuta lile pazia la kufunikia darubini, nikamzungushia kiunoni, nikamfunga fundo la kifundi. Aliyeanza kucheka ni yeye. Alicheka hadi akashikilia bega langu, nami nikashindwa, nikacheka, mwalimu mkuu akafuata, uwanja mzima ukalipuka. Machozi yakimtoka, akainamisha jicho, akageuza darubini chini kabisa, pembeni mwa paa la bweni. Haya, karibuni.

Mwalimu mkuu akaangalia. Akatoa ukelele kama msichana aliyemwagiwa maji. Ina pete! Kweli ina pete! Akarudi kwenye foleni. Akarudi tena mara ya tatu, akiwasukuma watu kidogo.

Mwisho kabisa wifi aliniita. Nikaangalia. Kitu kidogo, cha rangi ya asali, kimevaa pete yake kimetulia gizani, kama kilikuwa kinanisubiri nimalize upuuzi wangu. Mgongo unalia, lakini sikuinuka.

Uwanja tumepewa moja kwa moja.

Jumatatu, 22 Septemba

Wifi kaja dukani na gauni kwenye mfuko. Nilijiandaa kwa vita, nikasogeza mkasi mbali. Akaketi. Akaniambia kazi yake ni kuwapimia watu macho, hivyo asidhaniwe hana macho. Alijua tangu alipolivaa nyumbani. Kalivaa kwa sababu ni zuri, na kwa sababu mgongo unamsumbua mwaka wa pili na alikuwa anatafuta namna ya kuikwepa darubini bila kumuudhi Bwana Mawingu. Ananishukuru. Nimtilie mpasuo ulioshonwa vizuri, na kesho wanakuja wanawake wengine wawili wanaotaka kama hilo.

Yaani nimemsaidia! Nimeshona siku mbili kumsaidia! Nimekasirika hadi nikamwekea chai.

Ijumaa, 26 Septemba

Ushindi! Kikao cha leo, kilichofanyika kwetu sebuleni, kimenikabidhi usiku ujao peke yangu. Tutaangalia mwezi. Mwezi! Uko mmoja, mkubwa, hauna ngazi, nitakosea wapi? Tarehe wameniachia nichague mwenyewe. Nikafungua kalenda ya ukutani: kuna siku ya mwezi mpevu, imechorwa duara jeupe, na kuna siku ya mwezi mpya, imechorwa duara jeusi tititi. Sikupoteza muda. Nani aalike watu waje kuangalia kitu kilichopevuka, wakati kipya kipo? Nimechagua mpya.

Mume wangu kapaliwa na chai, hasemi kwa nini. Bwana Mawingu alitaka kunena jambo, wifi akamkanyaga mguu. Kisha wifi akanikumbatia mbele ya wote, akasema tarehe hiyo isibadilishwe kwa lolote, naye atakaa mstari wa mbele.

Wivu umemwisha, maskini. Kesho naandika matangazo, kwa herufi kubwa: NJOONI MUUONE MWEZI ULIVYO.